Mtumishi wa Tatu

Mbeya, Alhamisi, Julai 1976. Ukungu tangu alfajiri, na baridi ya kukata vidole.

Leo mlima Loleza haukuonekana kabisa. Nilipofungua mlango wa wodi asubuhi sikuona hata ukuta wa uani. Nilisikia tu watu wakikohoa humo ndani ya weupe, mmoja huku, mwingine kule, nikadhani bado nimelala. Siku hizi sijui usingizi wangu unaishia wapi. Natembea, nakunywa chai, nachoma sindano, lakini kuna sehemu yangu imebaki kitandani tangu mwezi uliopita na haijaamka.

Nimechoka. Acha niliandike hivyo hivyo, bila kulipamba.

Wodi yetu ni ile ya nyuma, yenye ukuta mrefu na lango moja. Wanaoletwa humu ni wagonjwa wa akili waliopitia mahakamani. Mtu amechoma nyumba, au amejeruhi mtu, wengine wamefanya makubwa zaidi, na hakimu ameona kwamba siku ile hakuwa na akili zake. Basi hapelekwi gerezani, analetwa kwetu, anakaa mpaka wakubwa waseme atoke. Kuingia ni rahisi, kutoka ndiyo kazi. Kwa hiyo wanaongezeka tu. Vitanda vilikwisha zamani, tukatandika mikeka katikati ya vitanda, na sasa mikeka nayo imegusana.

Watumishi ni wawili. Mimi ni muuguzi. Mwenzangu ni Ndugu Mwaisaka, mhudumu, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwenye umri wa kunizaa na goti lisilopatana na baridi. Mimi nashika mchana, yeye anashika usiku, na mchana wake anaulala nusu, nusu anakuja kunisaidia.

Halafu yuko Shija.

Shija si mtumishi. Shija ni mgonjwa. Ni Msukuma, na jamaa zake walihama na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakaja kukaa Usangu, karibu na Ubaruku. Alipougua alisikia sauti zikimwambia kwamba nyumba ya kaka yake imejaa nyoka, akaitia moto. Kaka yake aliungua mkono akiokoa mbuzi. Walimleta kwetu amefungwa kamba, amekonda, anawaita ng'ombe wasiokuwepo, mmoja mmoja kwa jina lake. Nikiri kwamba ule mwito wake ulikuwa mzuri. Wagonjwa wengine walikuwa wakinyamaza kumsikiliza, nami nilikuwa nasimama mlangoni na trei yangu ya dawa nikisahau nilikuwa nakwenda wapi.

Dawa ilimkubali. Sauti zikaenda zake, mwili ukarudi. Akaanza kuamka mapema na kubeba ndoo ya uji bila kuambiwa. Akawa anaketi karibu na mlango, na mtu akianza kupandwa na ugonjwa, Shija humwendea polepole kwa ubavuni, kama anavyomwendea dume la ng'ombe lililokasirika, akinong'ona Kisukuma chake. Mara nyingi mtu huyo hutulia kabla sijafika na sindano. Mwaka jana baridi ilipokaza, Mwaisaka alimpa koti lake la kazi la zamani, la kaki. Hakuna aliyekusudia lolote. Kulikuwa na baridi, na koti lilikuwepo.

Mwezi uliopita akaja mkubwa mmoja wa kuhesabu watumishi na wagonjwa. Tulikuwa tumemngoja kwa hamu, maana tumeomba mtumishi wa tatu mpaka midomo imekauka. Alipita haraka haraka na kitambaa puani. Alipofika mlangoni akamkuta Shija ndani ya koti lake, ameshika ndoo.

"Ndugu, kazi inaendaje?"

"Inaenda, ndugu," Shija akajibu, na ni kweli ilikuwa inaenda.

Mkubwa akampa mkono. Akatugeukia sisi wawili, akasema tuige moyo wa kijana huyu. Mwaisaka akatazama dari. Mimi nikamtazama Mwaisaka. Gari lilipoondoka tulicheka mpaka nikakaa chini sakafuni.

Baada ya wiki chache likaja jibu: wodi yenu ina watumishi watatu, kwa sasa inatosha.

Kicheko kikaishia hapo. Mficha uchi hazai, nasi tulificha. Tungesema nini? Kwamba tumemvika mgonjwa wa mahakama koti la serikali na kumweka mlangoni? Tukanyamaza, na Shija akaendelea kubeba ndoo. Katika hesabu ya wakubwa mgonjwa mmoja amepungua na mtumishi mmoja ameongezeka, na wote wawili ni yeye.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma.

Mwanangu Tumaini anakaa na mama yangu kijijini kwetu, upande wa Tosamaganga, kule Iringa. Baba yake alikwenda na wajenzi wa reli. Reli imefika, yeye hajafika. Mimi sijamwona mtoto tangu Krismasi. Nasikia ameng'oka meno mawili ya mbele na amejifunza kupiga mluzi kwenye pengo. Likizo yangu ilikubaliwa, mwisho wa mwezi huu, kwa sharti kwamba nyuma yangu wodi isibaki na mtu mmoja. Na isingebaki na mtu mmoja. Ingebaki na Mwaisaka na Shija.

Nimekuwa nikiota likizo hiyo nikiwa nimesimama. Napanga dawa, mara naona barabara ya Iringa, basi linapanda, misonobari ile, na mtoto amekaa kwenye ukingo wa barabara akitazama kila dirisha. Halafu mtu ananigusa bega, ni Shija, ananionyesha kwamba vidonge vinaanguka.

Ruhusa ya Shija kurudi kwao ilikwisha kuja tangu masika. Ilikuwa na masharti mawili: jamaa zake waje kumchukua, na daktari wa akili aseme amepona. Daktari huyo anatoka mbali na huja mara chache kwa mwaka. Mgonjwa anamwona kwa dakika chache tu, kwa hiyo huwauliza wale wanaokaa naye, na anayekaa naye ni mimi. Neno langu ndilo lingemtoa, au lingembakiza.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya daktari.

Mama yake Shija alikuwa amefika jana, kwa lori la mpunga mpaka Igawa, kisha basi. Asubuhi nilimkuta langoni ndani ya ukungu, amejifunga kaniki mbili, kibuyu cha maziwa ya mgando miguuni. Aliponiona akapiga goti.

"Mwangaluka, mama," akasema.

Kwao mwanamke husalimia hivyo, najua. Lakini mzee wa kunizaa ananipigia goti mimi? Nikamshika mkono ainuke, nikamwambia shikamoo. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, naye alikuwa amekipanga tangu njiani, akakitoa chote kwa pamoja.

"Nakuja chukua mtoto. Kaka yake ndo kajenga nyumba ya yeye. Ng'ombe yake imezaa mara mbili. Inamngoja."

"Mngoje daktari kwanza, mama," nikamwambia, na nikaingia ndani haraka.

Mwaisaka alikuwa nyuma ya jiko akijipasha moto. "Kamwene, Sista," akaniambia. Akinisalimia kwa Kihehe, lugha ya kwetu, najua ana shida.

"Sema."

"Mimi naona tusiseme uongo. Tuseme tu kwamba tungependa kumwangalia kidogo. Mpaka daktari aje tena. Ni miezi tu."

"Na yule mama pale langoni?"

"Amengoja miaka, atangoja miezi. Wewe fikiri, Shija akitoka leo, usiku nitabaki na watu wote hawa na goti hili. Na wewe Iringa utakwenda na nini?" Akachochea moto. "Mtoto atakusahau uso, Sista."

Mzee huyu anajua pa kupiga. Niliitikia kwa kichwa, na kuitikia kwa kichwa ni kukubali.

Gari la daktari lilitokea ndani ya ukungu kama saa nne, taa zikiwaka. Ni kijana bado, lakini macho yake leo yalikuwa mekundu na vumbi la njia yote ya Iringa limemkaa kwenye nyusi. Alikuwa ametoka kwenye wodi nyingine jana, na kesho anangojwa kwingine. Tulimwekea meza uani, pale jua linapotangulia kugusa. Wagonjwa wakakaa chini kuzunguka, wamejitanda mablanketi, mvuke ukiwatoka midomoni. Akawaona mmoja mmoja. Anauliza jina, anauliza kama analala, anauliza kama bado anasikia sauti, ananitazama mimi, anaandika.

"Shija yuko wapi?"

Shija alikuwa mbele yake, na koti lake, anampa kikombe cha chai.

"Asante, ndugu," daktari akasema. "Hebu niitie Shija."

Shija alisimama tu akanitazama. Na mimi sijui ni usingizi au ni nini, nilikawia. Kwa muda mfupi niliona jinsi ilivyo rahisi. Hakuna Shija. Yuko ndugu wa chai. Daktari angefunga faili akaenda zake.

"Ndiye huyo, daktari."

Akamtazama juu mpaka chini. Nadhani alikuwa akimtafuta yule mtu wa kamba aliyemwona zamani. "Ndiye huyu? Sasa, Sista, unasemaje? Amepona, au bado?"

Nikafungua mdomo. Maneno ya nyuma ya jiko yalikuwa tayari, tungependa kumwangalia kidogo. Na hapo nikaona kichwa cha daktari kinainama, kinainama, kidevu kikagusa kifua. Alikuwa amelala. Kalamu mkononi, chai haijaguswa.

Hakuna aliyecheka.

Sijawahi kuona jambo kama lile. Yule mgonjwa anayehubiri kutwa nzima alinyamaza, akaweka kidole mdomoni na kuwaonya wengine. Mmoja aliyeletwa kwa kosa ambalo sipendi hata kuliandika akavua blanketi lake, akalisogeza taratibu mpaka magotini kwa daktari. Mwaisaka akaacha kukohoa. Ukungu ulikuwa unaanza kuinuka, ukuta wa uani ukatokea kwanza, kisha mti, kisha bega la mlima, na watu wote wale ambao nchi inawaogopa walikaa kimya wakimlinda mtu mmoja asiamke. Kama ningeweza kukaa mahali nisitoke tena, ningekaa ndani ya kimya kile.

"Sista," Shija akaninong'oneza.

"Nini?"

"Mama amekuja. Nimesikia kikohozi chake pale getini."

Nikamwambia ndiyo, amekuja. Nikamwuliza kama anataka kwenda.

Akafikiri. Akatazama wenzake, akamtazama Mwaisaka aliyekuwa anasugua goti.

"Nataka. Lakini mimi nikienda, nyinyi mtabaki na nani? Wewe una safari ya Iringa. Mzee huyu peke yake hawezi. Mwambie daktari Shija bado kidogo. Mimi naweza kungoja, nimezoea."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Maneno yaleyale niliyokuwa nimeyakubali kwa siri nyuma ya jiko, yeye alikuwa ananipa bure, na kwa upendo. Alikuwa ananiruhusu likizo yangu. Angebaki humu, si kwa sababu ya ugonjwa wala ya nyumba aliyoichoma, bali kwa sababu hakuna wa kubeba ndoo. Na daktari akija tena bado kusingekuwa na wa kubeba ndoo, na Shija angesema tena bado kidogo, mpaka mama yule afe akingoja.

Halafu nikakasirika. Nilimkasirikia yule mkubwa wa kitambaa puani, nikamkasirikia Mwaisaka na goti lake, nikamkasirikia hata Shija kwa wema wake. Nilijikasirikia zaidi mwenyewe. Hasira ndiyo iliyoniamsha. Mara ya kwanza tangu mwezi uliopita nilihisi niko macho mzima mzima.

Nikaliangusha faili mezani. Kwa makusudi.

Daktari akashtuka, akapangusa mdomo. "Tulikuwa wapi?"

"Tulikuwa kwa Shija. Amepona, daktari. Ni muda mrefu sasa. Mama yake yuko langoni tangu asubuhi, na kaka aliyechomewa nyumba ndiye aliyemjengea nyumba."

Mwaisaka akakohoa kikohozi kisichokuwa cha baridi. Sikumtazama. Nikaona nikinyamaza sasa sitasema tena, nikamweleza na habari ya koti, na ya hesabu, na ya jibu lililokuja.

Daktari akacheka, kisha akaacha.

"Kwa hiyo mko wangapi?"

"Wawili."

"Na kwenye karatasi watatu."

"Ndiyo."

"Hii itakuletea maneno, Sista."

"Najua."

Akaandika kwa muda mrefu. Akasema ataeleza kama ilivyo, na atasema kwamba aliyekosea hesabu ni aliyehesabu bila kuuliza. Lakini mtumishi mpya hawezi kuniahidi. Hata huko anakotoka ni hivi hivi. "Usimtazamie mwezi huu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. "Wala ujao." Kisha akamwuliza Shija maswali yake yote, polepole, mara mbili mbili, akatia sahihi. Akaona blanketi magotini mwake, akauliza ni la nani. Akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza.

Shija na mama yake waliondoka baada ya chakula cha mchana. Shija aliwaaga wenzake kwa kupita mkeka kwa mkeka. Alimwambia Mwaisaka, "Yule wa kona usimwite jina akiwa amelala, anaogopa. Mguse mguu tu." Akavua koti, ndani shati limechanika begani, akamrudishia.

Mwaisaka akalikataa.

"Kaa nalo. Huko kwenu baridi."

Usangu kuna joto la kukausha mpunga kwa siku moja, na Mwaisaka analijua. Shija naye analijua. Akalivaa. Mama yake alimpokea langoni. Alimshika mkono wa koti, akaanza kutembea naye kuelekea stendi, hakumwachia, kana kwamba ni mtoto anayevushwa barabara. Jua lilikuwa limetoka kabisa. Tuliwaona mpaka chini kwenye mteremko.

"Umefanya vizuri, Sista," Mwaisaka akasema. Akafunga lango. "Sasa tutakufa wote wawili."

Tukacheka, lakini si kama siku ile.

Jioni nimebeba ndoo ya uji mwenyewe. Ni nzito kuliko nilivyodhani, mkono bado una ganzi, ndiyo maana maandishi ya leo yamekaa upande. Mhubiri alinyanyuka akashika mkono wa pili wa ndoo. Nikamshukuru, nikamwambia akae. Alikaa, akashangaa, nami nilijishangaa. Nimeamua hivyo. Anayepona hapa apone aende kwao. Sisi tutaendelea kuomba mtu, na safari hii tutaomba tukisema kweli. Sijui kama nitaweza kushikilia neno hili wiki ijayo baridi ikizidi na Mwaisaka akilazwa na goti. Leo nimelishika.

Nilipita ofisini kabla hapajafungwa, nikasema likizo yangu ifutwe. Karani akaniuliza mpaka lini. Nikamwambia sijui.

Sasa ninayo karatasi nyingine mbele yangu, ya kwenda Iringa, na nimeandika salamu tu. Mama yangu hajui kusoma, na Tumaini bado hajafika kwenye kusoma. Barua zangu husomwa na mwalimu wa jirani, kwa sauti, uani kwetu, mtoto akiwa amekaa mbele yake na miguu imenyooshwa, mama ndivyo anavyonisimulia. Anajua kwamba barua inayofuata ndiyo itakayotaja siku ya basi. Basi niandike nini, ambacho mtoto wa miaka sita atakisikia kwa sauti ya mwalimu, mbele ya watu, asilie?